Picha Tano za Kifua cha Kvikk

Gudlaug Breivoll alikuwa na ugomvi wa kudumu na maneno mawili: "umri tu." Daktari wa wanyama aliyethubutu kumwandikia maneno hayo chini ya picha ya eksirei ya mbwa anayekohoa alipigiwa simu kabla kahawa yake haijapoa.

"Umri si ugonjwa, bwana," Gudlaug angemwambia. "Mimi nina miaka sitini na mmoja. Unanisikia nikikohoa?"

"Hapana, Gudlaug."

"Basi nipigie picha nyingine. Na safari hii mngoje mbwa avute pumzi, usimpige akiwa anaitoa. Kifua kikiishiwa hewa lazima kionekane cheupe. Hata chako wewe."

Picha ya pili ilikuja, na mara nyingi nusu ya ugonjwa ilikuwa imeshapotea njiani. Ndiyo maana madaktari wa pwani yote ile, kuanzia mjini Skarvika hadi visiwa vya mwisho kaskazini, walimwogopa kidogo na kumtegemea sana. Kliniki saba zilimtumia vifua vya mbwa wao. Alivisoma peke yake katika chumba kidogo juu ya kliniki ya Ragnfrid Solli mjini Skarvika, mapazia yamefungwa mchana kutwa ili mwanga usimchezee macho, na mezani pana pakiti ya mikate mikavu aliyoitafuna bila kujua kwamba anatafuna.

Pakiti hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia. Gudlaug aliikata vipande vya karatasi ngumu na kuvibandika kwenye pembe ya kioo cha kompyuta, pale panapoandikwa jina la mbwa, umri wake na tarehe. Hakutaka kujua chochote kabla ya kutazama. Alisema ukishasoma kwamba mbwa ana miaka kumi na minne, macho yako yanazeeka pamoja naye, na ukishasikia daktari anashuku saratani, utaiona hata kwenye chuchu. Hilo la chuchu halikuwa mzaha. Daktari mzima, msomi, aliwahi kumtumia picha ya "uvimbe wa pafu," naye akamjibu kwamba amgeuze mbwa chali, ataukuta uvimbe huo umepanga mstari na wenzake tisa. Mwingine alituma nimonia ya kutisha iliyokuwa manyoya yaliyolowa mvua. Gudlaug alimwandikia maneno mawili tu: "Mkaushe kwanza."

Alikuwa na utaratibu, na hakuuvunja kwa ajili ya mtu. Mifupa kwanza, ubavu mmoja mmoja. Halafu ngozi na mafuta yaliyo chini yake, kwa sababu mbwa mnene hubeba ukungu wake mwenyewe. Halafu tumbo, kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, moyo, bomba la hewa. Mapafu aliyaacha mwisho kabisa.

"Mapafu yana kelele," alisema. "Ukiyaruhusu yaanze kuzungumza, wengine hawapati nafasi."

Kuna watu wanaosifiwa kwa kuokoa roho kwa kisu, damu imewafika viwikoni. Gudlaug aliokoa roho kwa kukaa kitini, na kukaa hakupigiwi makofi. Hata hivyo haikuwa kazi nyepesi, na aliyedhani ni nyepesi angejaribu kutazama kivuli kimoja kwa nusu saa nzima bila kukipa jina.

Ugomvi wake na yale maneno mawili ulianza zamani. Baba yake, Arnfinn, alikuwa mchonga mawe, na utotoni Gudlaug alilala katika chumba kilichotengwa na cha baba kwa ukuta wa mbao. Alizijua pumzi za baba yake kama watoto wengine wanavyojua nyimbo. Alijua ipi imekwama na ipi imepita. Arnfinn alipokwenda kwa daktari, alirudi na jibu kwamba ni umri tu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Vumbi la mawe lililomjaa kifuani lilikuja kuonekana kwenye picha miaka mitatu baadaye, wakati kuonekana kwake hakukuwa na faida kwa yeyote. Gudlaug hakuwahi kumsamehe daktari yule, na hakuona sababu ya kumsamehe.

Jumatatu moja ya Februari aliamka kama kawaida, akasimama kwenye sinki, akameza kijiko chake cha tran, yaani mafuta ya ini la samaki, akakunja uso na kufuatiza na kahawa. Kuanzia Septemba hadi Aprili, jua linapokuwa adimu, pwani ile yote hufanya hivyo, mtoto kwa mkubwa. Kisha akaenda kazini.

Saa nne hivi Ragnfrid alipanda ngazi na vikombe viwili. Huyu Ragnfrid alikuwa daktari hodari wa mikono, mtu wa kumshona ng'ombe kwenye dhoruba huku anapiga mluzi, lakini subira ya kutazama kitu kimoja kwa muda hakujaliwa.

"Nimekutumia moja," alisema. "Ya kutimiza wajibu tu. Mwenye mbwa ameomba uitazame kabla ya Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Alhamisi saa nne namdunga sindano ya mwisho. Gudlaug, usinitazame hivyo. Mbwa hawezi kupanda hata ngazi tatu. Dawa za nimonia nimempa mpaka nimeona haya. Pafu lina bonge jeupe kama..."

"Nyamaza!" Gudlaug aliziba masikio kwa viganja viwili. "Umeshaniharibia. Kaa pale, kunywa kahawa yako."

Ragnfrid akakaa. Gudlaug akabandika karatasi yake pembeni ya kioo na kufungua picha. Zilikuwa tatu, mbwa amelala ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na kifudifudi, kama alivyowafundisha wote, kwa sababu pafu linalolaliwa husinyaa na kuficha siri zake. Akaanza na mbavu. Ragnfrid alimaliza kahawa yake, akamaliza na ile ya Gudlaug, akatazama saa ya ukutani mara nne. Mwisho Gudlaug akafika kwenye mapafu, na hapo akatazama muda mrefu zaidi.

"Ni mgonjwa kweli," alisema. "Hilo sikukatalii. Ila nani kakwambia huu ni uvimbe?"

"Mweupe, mgumu, hausikii dawa. Ungekuwa nini?"

"Tazama ulipo. Upande wa kulia kipande cha katikati, halafu vile vya mbele, kulia na kushoto, na kote ni chini kabisa, karibu na mfupa wa kifua. Juu kote ni safi. Saratani hukaa inapotaka. Hiki kitu hakikutaka popote, kimeteremka tu. Mbwa akiwa amesimama, kitu kikiteleza ndani kitaishia hapa." Akagonga kioo kwa ukucha. "Ana picha za zamani?"

"Nne. Tangu mwaka juzi."

"Zichanganye. Zifunike tarehe zote, na hii ya leo uichanganye humo humo. Nageukia dirishani."

Ragnfrid alizoea vituko hivi, akafanya alivyoagizwa. Gudlaug alipogeuka akazisoma zote tano moja baada ya nyingine, kila moja kuanzia mbavu, hakuna aliyoruka. Tatu akaziita mbaya. Mbili akaziita karibu safi, zenye kovu kidogo tu chini. Kisha wakabandua karatasi.

Mbaya zilikuwa za Machi, Desemba na Februari. Karibu safi zilikuwa za Juni na Agosti.

Uvimbe hauendi likizo ya kiangazi. Ragnfrid alilijua hilo vizuri kama mtu yeyote, na uso ulimwiva mwekundu mpaka masikioni. Gudlaug hakuwa na muda wa kumcheka, kwa sababu alikuwa ameona kitu kingine. Chini ya picha ya Juni ya mwaka juzi palikuwa na maandishi mafupi: "Nimonia imeondoka. Dawa imefanya kazi nzuri sana." Na chini yake herufi mbili, G.B.

"Ni mimi," alisema. "Niliisifia dawa. Dawa haikufanya lolote, ni miezi iliyofanya. Huyu mbwa nimekuwa naye miaka miwili na sikuwahi kuziweka picha zake pamoja."

"Wote tulidhani..."

"Wewe kazi yako ni kudhani. Mimi yangu ni kutazama." Alisema hivyo kwa ukali, na ukali wote ulikuwa wake mwenyewe. "Anapewa dawa gani nyumbani?"

"Hakuna. Nimemuuliza mzee mara tatu."

"Jiko la kuni?"

"Analo. Nani hana?"

"Hapana, si moshi. Moshi haushuki chini ukakaa, ungeenea kote." Gudlaug alisugua macho. "Ni kitu anachokunywa. Au anachonyweshwa. Kinakuja na baridi, kinaondoka na jua. Mwenye mbwa anakaa wapi?"

"Nesvågen. Anaitwa Hallvard Nygjerde, mzee mjane, miaka sabini na tisa. Unataka nimpigie?"

"Nataka nikamwone mbwa akiishi."

Ragnfrid alicheka kwa mshangao. "Wewe? Nyumbani kwa mtu? Miaka ishirini hujabanduka kwenye kiti hicho!"

"Basi kiti kipumzike," alisema Gudlaug.

Jumanne saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unajivuta juu ya milima, alibisha mlango wa nyumba ya manjano huko Nesvågen. Hallvard alikuwa ameshavaa shati safi. Alikuwa mzee mrefu, mikono mikubwa, anayemsogezea mgeni kiti kabla hajamuuliza jina. Mezani palikuwa na kahawa na lefse, ule mkate laini wa kukunjwa, aliyoipaka siagi na sukari mwenyewe. Ukutani palikuwa na picha ya mkewe Solbjørg, na kando yake picha nyingine ya wanaume kumi na wawili mbele ya mitungi mikubwa ya chuma.

"Yule wa tatu ni mimi," alisema. "Miaka thelathini na minne nilichemsha maini ya samaki katika kiwanda hiki. Sasa kimefungwa. Watoto wote wa pwani hii wamenyooka mifupa kwa kazi yangu. Na wewe pia, kama hukuwa mkaidi."

"Nilikuwa mkaidi, lakini mama alikuwa mkaidi zaidi," Gudlaug akajibu, na mzee akacheka mpaka akapiga paja.

Kvikk alikuwa amelala karibu na jiko. Alikuwa mbwa wa zizi, wa kuchunga kondoo, rangi ya ngano, mkia umejikunja mgongoni. Alimkaribisha Gudlaug kwa heshima zote, akamnusa viatu, akarudi kulala akihema. Gudlaug alizihesabu pumzi zake akijifanya anakunywa kahawa. Zilikuwa nyingi mno kwa mbwa aliyelala, na mwisho wa kila pumzi palikuwa na mkwaruzo mdogo alioujua tangu utotoni, kupitia ukuta wa mbao.

"Anakufa, siyo?" Hallvard alisema, akitazama kikombe chake. "Niambie tu. Mimi ni mtu mzima. Alikuwa mbwa wa Solbjørg, sasa ni miaka mitatu tuko wawili tu, yeye na mimi. Nimeshachimba mahali pake nyuma ya nyumba, udongo ulipolainika kidogo wiki iliyopita. Ila nilitaka mtu aliyesoma kweli aniambie."

"Sijui bado. Nataka nione asubuhi yenu inavyokwenda. Fanyeni kama kawaida, kama vile sipo."

"Kawaida yetu ni ndogo," alisema mzee, akainuka na kuvuta droo ya vijiko.

Droo ilipolia tu, Kvikk aliamka. Yule mbwa asiyeweza kupanda ngazi tatu alivuka jikoni kwa kasi na kuingia chini ya meza, mpaka ukutani, mkia umelala.

"Anajua," Hallvard alisema kwa upole. "Hapendi. Watoto nao hawapendi." Akapiga magoti kwa shida, akamtoa kwa mikono miwili, akamkalisha kati ya mapaja yake. Akamwinua kidevu juu, mdomo ukaelekea darini, akammiminia kijiko kikubwa cha tran kwenye pembe ya mdomo. Akamshika hivyo hivyo, akimpapasa koo. Kvikk alimeza mara moja. Hakukohoa. Mafuta yaliteleza kimya kimya, na koo halikushtuka hata kidogo, kama ambavyo lingeshtuka kwa maji.

"Solbjørg alikuwa anamchanganyia kwenye chakula," mzee aliendelea, akimfuta mbwa mdomo kwa kitambaa. "Mimi niliona nusu inabaki kwenye bakuli. Ni kupoteza. Hivi ninavyofanya inaingia yote. Na tangu azidiwe, nampa na jioni pia, vijiko viwili kwa siku. Ndiyo nguvu pekee anayopata, maskini."

Gudlaug aliweka kikombe chini. Alikuwa ameona vivuli maelfu kwa maelfu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kupiga magoti mbele yake.

"Si ulimwambia Ragnfrid hapewi dawa?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Hapewi!" Mzee alishangaa kweli. "Dawa ipi? Hii ni tran tu, dada. Wewe huinywi?"

"Nimekunywa leo asubuhi."

"Umeona?"

Aliona. Ragnfrid naye alikuwa amekunywa asubuhi hiyo, na madaktari wote saba pamoja na wake zao na waume zao. Katika pwani nzima hapakuwa na mtu ambaye angeulizwa habari ya dawa akataja tran, wala muulizaji ambaye angekumbuka kuitaja. Ingekuwa kama kuulizwa unakula nini ukajibu chumvi.

Sasa ilibaki kusema. Gudlaug hakuwa na ufundi wa kusema na watu. Ufundi wake ulikuwa wa kuandika mistari mitatu na kutuma. Alitamani vibaya sana chumba chake chenye mapazia. Lakini mzee alikuwa amekaa mbele yake, mbwa magotini, na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Akapiga moyo konde. Akatoa kompyuta yake ya mkononi na kuweka picha tano mezani kati ya kahawa na lefse, kwa mpangilio wa miezi.

"Nianze na kosa langu," alisema. "Hii ya Juni niliisoma mimi, nikaandika kwamba dawa imemponya. Nilikosea. Kama ningefanya kazi yangu sawasawa, ningekuja kunywa kahawa hii miaka miwili iliyopita. Nisamehe, Hallvard."

"Watu hukosea. Ila sikuelewi."

Akamwonyesha. Hapa Machi, ona weupe. Hapa Juni, umekwenda. Hapa Desemba umerudi, Agosti umepungua, na huu ndio wa sasa. Akamwonyesha ulipokaa, chini kabisa, mahali ambapo kitu kinachoteleza kingetulia. Hakuutaja mkono wa mtu, wala kijiko. Mzee alizitazama picha kwa makini, kidole chake kikubwa kikienda kutoka mwezi hadi mwezi. Alikuwa mtu aliyepika mafuta miaka thelathini na minne, alijua mafuta yanakokwenda yakimwagika. Kidole kilipofika Februari kikasimama.

"Inaingia pafuni," alisema.

"Nadhani hivyo. Kidogo kidogo, kila siku."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mafuta, Hallvard."

"Mafuta hayana mikono." Uso wake ulikunjamana, na mzee yule aliyejiita mtu mzima akalia waziwazi, machozi yakimdondokea Kvikk kichwani. "Alikuwa ananikimbia, na mimi namvuta. Kila siku. Alikuwa ananiambia, na mimi nikamuongezea."

Gudlaug alisogeza kiti, akaweka mkono wake juu ya mkono ule mkubwa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa kazini hata siku moja.

"Nisikilize," alisema. "Mtu asiyempenda mbwa hapigi magoti akiwa na miaka sabini na tisa. Ulimpa kitu bora ulichonacho, ukampa kwa njia mbaya, na sisi tuliosoma hatukukuuliza. Alhamisi usimlete kudungwa sindano ya mwisho. Mlete tumwoshe pafu, tuone yaliyomo. Sikuahidi kitu. Inawezekana nimekosea tena, na inawezekana tumechelewa. Lakini kijiko hicho kiweke kando, na shimo hilo lisubiri."

Alhamisi saa nne, ile ile iliyokuwa imepangwa, Kvikk alilazwa usingizi mfupi wa dawa. Ragnfrid, kwa mikono yake hodari, alimpitishia mrija mwembamba kwenye bomba la hewa, akatia maji kidogo ya chumvi na kuyavuta tena. Yalitoka yana utando unaong'aa juu, kama wa mchuzi. Chini ya hadubini seli zilikuwa zimevimba, kila moja imebeba matone ya mafuta mpaka imeshindwa. Hapakuwa na saratani. Ragnfrid alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama chochote maishani mwake.

"Ningemuua," alisema. "Leo. Saa hii hii."

"Hukumuua," Gudlaug akajibu. "Sasa shuka ukamwambie mzee. Amekaa na kofia mkononi tangu saa mbili, ameisokota mpaka imekuwa kamba."

Tangu siku hiyo karatasi ya kupokelea wagonjwa pale Skarvika ina swali jipya, na kliniki nyingine sita zikaliiga: mbwa anapewa tran, na anapewaje? Gudlaug ndiye aliyelitunga. Hakuweka jina lake. Lakini chini ya ile picha ya Juni aliandika, kwa herufi zile zile mbili, kwamba maelezo ya awali yalikuwa ya uongo na kwamba aliyeyaandika hakutazama.

Mwaka ukazunguka. Kiangazi Kvikk aliletwa mara moja, akaonekana afadhali, lakini Gudlaug alikataa kufurahi. Kiangazi kilishawahi kumdanganya. Mwezi aliokuwa akiungoja aliujua, na Ragnfrid naye aliujua, ndiyo sababu siku ulipofika hakusema neno. Alituma picha tatu katikati ya nyingine kumi na moja za siku hiyo, akanyamaza.

Gudlaug akabandika karatasi yake. Mbavu, uti wa mgongo, ngozi, tumbo, kiwambo, moyo. Mapafu mwisho. Mbwa mzee kidogo, alifikiri, amelishwa vizuri, amepigwa picha wakati ameijaza pumzi yake. Chini, karibu na mfupa wa kifua, mistari michache myeupe iliyotulia. Aliisogelea, akairudia upande wa pili, kisha akaandika: "Kovu la zamani. Hakuna jipya." Ndipo akabandua karatasi. Kvikk, miaka kumi na mmoja, Nesvågen, tarehe kumi na nne Februari.

Alikaa akilitazama jina hilo kwa muda. Halafu akafungua pazia, ambalo halifunguliwi, na kupiga simu.

"Hallvard, ni Gudlaug. Nimeiona."

Alisikia pumzi za mzee, nzito, zinangoja. "Sema."

"Kovu liko palepale. Kipya hakuna, hata chembe."

"Februari hii?"

"Februari hii."

Mzee alipuliza pua kwa kelele, akakohoa kikohozi cha kujitafutia sauti. "Anapanda ngazi siku hizi," alisema. "Kumi na mbili, mpaka juu. Analala kitandani, upande wa Solbjørg, hana hata haya." Kisha akauliza, "Na wewe, tran yako unakunywa?"

"Kila asubuhi."

"Mimi nakunywa vijiko viwili."

"Viwili? Vya nini, bwana wee? Utateleza kitini."

"Mkono umezoea kumimina viwili, changu na chake," alisema Hallvard. "Cha pili nakaa nacho sakafuni kwanza, namwonyesha. Namwambia, tazama, rafiki yangu, na hiki nakunywa mimi. Nakimeza mbele yake. Ndipo anatoka chini ya meza, anakuja kunikalia."